Mpiga Gitaa wa Mzenga

Nilipokuwa kidato cha tano, Kibaha, nilikuwa na orodha ya nyimbo 10 bora za gitaa la umeme duniani. Niliiandika nyuma ya daftari la Jiografia na kuitetea bwenini hadi taa zinazimwa. Namba moja ilikuwa "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya mwaka 1975. Namba mbili, "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin, ya 1971. Jimi Hendrix alikuwamo mara mbili. Wimbo wa Kiswahili haukuwamo hata mmoja, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Aliyeniuliza ni babu. Likizo nilipanda gari hadi Mlandizi, kisha nikaingia ndani kuelekea Mzenga, wilayani Kisarawe. Jioni moja aliniona na daftari, akataka nimsomee.

"Mbaraka yumo?"

"Mbaraka yupi, babu?"

Alinitazama kwa muda. "Mwinshehe. Alizaliwa hapa hapa."

Nikacheka. Nikamwambia hizo ni zilipendwa, hii ni roki. Akasema, "Kwani gitaa la umeme lina kabila?" Kisha akaingia ndani kulala, na mimi nikabaki kibarazani nikiona nimeshinda.

Miaka ilipita kabla sijaitafuta hiyo habari mwenyewe. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Mzenga mwezi Juni 1944. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Septemba 1946, alizaliwa Zanzibar mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara, ambaye dunia ingemjua kwa jina la Freddie Mercury. Yaani sauti iliyokuwa juu kabisa kwenye orodha yangu ilitoka ng'ambo ya maji tu. Nilikuwa nikilijua hilo na kujivunia. Mpiga gitaa wa kwa babu sikumjua.

Njia zao ziliachana. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia ya Bulsara ilihamia Uingereza. Mbaraka naye, katikati ya miaka hiyo ya 1960, alijiunga na bendi kongwe ya Morogoro Jazz. Huko ndiko alikokuwa mpigaji wa solo anayetajwa mpaka leo.

Mwaka 1969 viongozi wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul, wakisema unaharibu vijana. Dar es Salaam ilikuwa bado ndani ya mkoa huo. Vijana walilalamika magazetini. Nikisoma mabishano yale najiona mimi na babu: nani ana haki ya kusema muziki upi ni wetu?

Mwaka uliofuata, 1970, una mambo mengi. Queen iliundwa London. Hendrix alifariki huko huko mwezi Septemba, akiwa na miaka 27. Kituo kilichojengwa Kibaha kwa msaada wa nchi za Nordic kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Na Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia. Mbaraka alirudi na wimbo "Expo 70". Huo uko kwenye orodha yangu mpya.

Upo pia "Jogoo la Shamba". Jina lake limetoka kwenye methali isemayo jogoo la shamba haliwiki mjini. Nilipoliona nilimkumbuka kijana wa Mzenga jukwaani Osaka, na nikaona aibu kidogo. Upo "Dr. Kleruu", unaomhusu Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi 1971 katika mgogoro na mkulima wakati wa Ujamaa. Hapo nilielewa kwamba bendi hizi zilifanya pia kazi ya gazeti.

Namba moja sasa ni "Shida". Aliupiga na bendi yake mwenyewe, Super Volcano, aliyoianzisha 1973. Sisemi kwamba ni roki. Roki ililikwaruza gitaa, ikaliongezea kishindo. Dansi letu lilikua kwa kusikiliza santuri za Kuba na rumba ya Kongo, na gitaa la Mbaraka ni safi, kila noti inasikika peke yake. Waimbaji wakinyamaza, solo inaingia taratibu, inazunguka juu ya ridhim na besi, inarudia jambo lile lile mpaka unalikubali.

Nchini, bendi zilirekodi Redio Tanzania, lakini hatukuwa na kiwanda cha santuri, kwa hiyo aliyetaka sahani alikwenda Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa 1977, hata hivyo Mbaraka alikuwa Kenya mwezi Januari 1979 alipofariki katika ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Freddie aliishi mpaka 45.

Mwaka juzi nilirudi Mzenga na "Shida" kwenye simu. Redio ya babu ilikuwa imeshameza kaseti zake zote, na masikio yake yalikuwa yameanza kumwacha. Nilimwekea simu sikioni. Hakusikia kitu. Akaichukua, akaibana kwenye taya, chini ya sikio, akafumba macho.

Solo ilipoingia, kidole chake kilianza kugonga goti. Hakikukosea.

Wimbo ulipokwisha nilitaka kumwomba radhi kwa kile kicheko, lakini ningelazimika kupiga kelele, na majirani walikuwepo. Akanirudishia simu.

"Anza tena," akasema.