Una Mutuba Shambani?

Mteja akifika kwenye kitalu changu, kando ya barabara ya Bombo, kutafuta miche ya kahawa, humwuliza kwanza: "Una mutuba shambani?" Vijana hucheka. Wameona picha za Brazili, mibuni imepangwa mistari juani hadi macho yanapoishia, nao wanataka hivyo hivyo hapa Wakiso. Mimi ni Mnubi wa Bombo niliyeolewa kwa Waganda. Kahawa nilifundishwa na mama mkwe, na kwake mbuni haukuruhusiwa kusimama peke yake.

Alikuwa na sababu za kale. Robusta si mgeni Uganda; hata leo huota yenyewe ndani ya misitu ya Kibale na Budongo, chini ya miti mirefu. Kabla haijawa biashara, Waganda waliitafuna: matunda yalichunwa mabichi, yakachemshwa, yakakaushwa, mgeni akaletewa katika kikapu kidogo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja, kila punje imepakwa damu ya mwenzake. Kwa matumizi hayo nani alihitaji shamba zima? Mibuni michache ndani ya lusuku, yaani shamba la migomba la nyumbani, ilitosha.

Na palipokuwa na lusuku palikuwa na mti wa mutuba, kwa kuwa gome lake ndilo lililowavisha watu. Gome hubanduliwa, kisha shina hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo huota gome jipya kwa ajili ya msimu mwingine. Gome lililobanduliwa hupondwa kwa nyundo za mti hadi litanuke, halafu huanikwa. Jua ndilo linaloipa lubugo, nguo hiyo ya gome, ile rangi ya udongo mwekundu. Mganda alijua kabisa wapi anataka jua na wapi halitaki.

Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, na baada yake wafanyabiashara wa pwani wakaja na amerikani, kitambaa cha pamba. Pamba ikaishinda lubugo mabegani mwa watu. Miti ya mutuba, kwa maoni yangu, ingekwisha kama kahawa isingehitaji kivuli chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walipanda arabika karibu na Kampala. Bei ilipoanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wakafilisika. Robusta ya mkulima wa Kiganda, iliyofichwa kwenye lusuku lake, ikaendelea, ikaja kuwa tegemeo la nchi. Lubugo yenyewe ilikumbukwa na dunia baadaye sana, UNESCO ilipoitangaza kuwa urithi mwaka 2005.

Mama mkwe alisema jua la saa saba mchana "linauchosha mti". Sikumwelewa mpaka nilipoanza kuuza miche na kusoma. Jani la mbuni hutosheka na mwanga mdogo, kama theluthi ya jua kali la mchana, au hata chini ya hapo. Unaozidi hauna kazi, lakini jani limekwisha kuupokea, kama kinu kinachomiminiwa kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, kupita uwezo wake. Nishati ya mwanga huo ikikosa njia huzaa oksijeni yenye sumu, nayo huunguza mitambo ya usanisinuru.

Basi jani lina njia ya kujiokoa. Mwaka 1962 Harry Yamamoto na wenzake walieleza jinsi rangi za njano zilizojificha nyuma ya ukijani zinavyobadilika mwanga ukiwa mkali, kisha kurudi zilivyokuwa. Mwaka 1987 Barbara Demmig na wenzake wakaihusisha mojawapo, zeaksanthini, na kazi ya kuitoa nishati ya ziada ikiwa joto tu. Jani hujilinda, ila hulipa: wingu likipita, huchelewa kurudia kazi. Watafiti wa Illinois walipoiharakisha tumbaku katika hilo, mwaka 2016 waliripoti uzito wa mimea kupanda kwa asilimia 14 hadi 20.

Mgomba nao una hila yake. Jua likichoma, utauona umekunja pande mbili za jani kuelekea chini, mwanga uupate kidogo. Kazi hiyo umeifanya juu ya vichwa vya mibuni miaka yote hii.

Sisemi kivuli kizito. Mbuni uliofunikwa mno huzaa kidogo, na Waganda hupogoa mutuba. Usiofunikwa kabisa huzaa sana msimu mmoja, matawi yakakauka ncha, kisha mwenye shamba akaja kwangu kulalamika kuhusu mbegu.

Kitaluni naanza na kivuli kingi, kisha napunguza nyasi za paa kidogo kidogo kabla ya kuuza, majani yazoee. Anayenunua namshauri akate gogo la mutuba kwa jirani, alichomeke ardhini mvua zikianza, huchipua lenyewe. Wakati linakua, apande migomba, kwa sababu hiyo humpa kivuli ndani ya mwaka, na matoke juu yake.