Kidole Kilichotikisika

Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji niliitwa kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Wamatengo. Kijana alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika shingo. Mama yake aliniambia, "Baba Mchungaji, kidole gumba kinatikisika kidogo." Nikamjibu tuyapokee mapenzi ya Mungu. Nilidhani ninafariji.

Zamani hata madaktari walisema kama mimi. Mwaka 1917, huko Ujerumani, kijana Ludwig Guttmann alikuwa akisaidia hospitalini. Akaletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Guttmann akaambiwa asijisumbue, mtu huyo atakufa baada ya majuma machache. Naye akafa. Guttmann akawa daktari. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliikimbia nchi yake mwaka 1939, na mwaka 1944 akafungua wodi ya wagonjwa wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Alianza na utunzaji: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda, kisha mazoezi, kazi na michezo. Waliohesabiwa kuwa wafu wakaishi.

Kijana wetu wa ziwani hakuuawa na shingo. Aliuawa na vidonda vya mgongo.

Lakini kuishi ni jambo moja, na kushika kijiko ni jambo lingine. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka waya uliozungushwa juu ya kichwa cha mtu. Umeme ulipopita ghafla, ulizaa nguvu ya sumaku iliyopenya fuvu bila kisu, ukaamsha ubongo, na misuli ya mkono ikatikisika. Tangu hapo madaktari waliweza kuuliza: je, ujumbe wa ubongo bado unafika mkononi? Mara nyingi mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo haukatiki wote. Ni kama njia ya shambani isiyopitwa: imeota majani, lakini haijafutika.

Leo watafiti hutumia sumaku hiyo, au umeme hafifu juu ya kichwa, pamoja na mazoezi ya mkono. Katika majaribio madogo, baadhi ya wagonjwa ambao mshipa wao haukukatika wote wamepata nguvu kidogo ya kushika, wengine hawakupata. Bado inachunguzwa, na asitokee mtu wa kuiuza kama muujiza.

Wapendwa, mashine hizo ziko mbali na Mbinga na Mbamba Bay. Ila kumgeuza mgonjwa, kumnyosha vidole kila siku na kumpeleka mapema kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo kunawezekana. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za kanisa, imefundisha wataalamu hao kwa miaka mingi.

Marko sura ya 3 inasimulia juu ya mtu mwenye mkono uliopooza. Kabla ya kumponya, Yesu alimsimamisha katikati ya watu. Sisi huwaficha chumba cha ndani, kisha tunaita hali hiyo mapenzi ya Mungu.

Mama yule aliona vizuri kuliko mchungaji wake. Nimeomba msamaha kwa Mungu, na nilirudi kijijini kuuomba kwake.