Habari ya Msiba Rungwe: Kutoka kwa Mjumbe Hadi Kundi la WhatsApp

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi wilayani Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Jambo mojawapo lililowavuta ni mazishi, na mwaka 1939 Godfrey alichapisha makala nzima juu ya desturi hizo. Maiti haikukaa. Ilizikwa upesi, wanawake wakilia, wanaume wakicheza ngoma na mikuki mikononi, na ndugu aliyechelewa kupata habari alikuta kaburi. Kutoonekana msibani kulizua maswali, na maswali ya namna hiyo hayakuwa mepesi. Kwa hiyo mjumbe aliyetumwa kuvuka migomba na mito kupeleka habari alibeba pia heshima ya ukoo.

Miaka hiyohiyo vijana walikuwa wakiondoka: kwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi Afrika Kusini. Mjumbe wa miguu hakuweza kuwafikia. Ikabaki barua, na kwa wanavijiji wengi barua ilipitia sanduku la posta la kanisa au la shule. Mzee asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au na mjukuu, naye msomaji akajua mambo ya nyumba ile kabla ya wenye nyumba. Hapo ndipo historia ya mawasiliano ya Rungwe inaponigusa zaidi. Kila chombo kipya kilisifiwa kwa kasi yake, lakini nyuma ya kila kimoja alikuwepo mtu wa katikati, na anayekaa katikati hupata nguvu fulani juu ya waliomtuma.

Baada ya uhuru mtu huyo akawa mtangazaji. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisoma matangazo ya vifo, na kila aliyekuwa na redio ya betri aliyajua kwa mpangilio wake: fulani wa Tukuyu anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani wa Tanga na fulani wa Mwanza, popote walipo. Nchi nzima ilisikia msiba wa nyumba moja, na jirani aliyesikia alikuwa na wajibu wa kumfuata mhusika shambani au kazini kumwambia. Kompyuta haikuwa na nafasi katika maisha hayo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na zuio hilo lilidumu miaka mingi. Simu za waya zilikuwa chache, chini ya Shirika la Posta na Simu.

Shirika hilo liligawanywa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi, na mwaka 2000 ikaja Vodacom. Milima ya Rungwe si rafiki wa mawimbi. Mwanzoni mtu alitafuta mtandao kwa kupanda kilimani, akakwangua vocha, akabipu, kisha akangoja apigiwe na mwenye salio. Hata kitochi kimoja, simu ndogo isiyo na intaneti, kilitosha mtaa mzima. Habari ya msiba ilifika siku ileile, na mwenye simu akawa mjumbe mpya wa majirani zake.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuja Aprili 2008, M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Zamani mchango wa msiba ulikwenda na mwenye kuutoa: ng'ombe, ndizi, unga, kuni, na mikono ya kufanya kazi. Sasa fedha ilianza kutangulia, na mara nyingine ikawa inakwenda peke yake. Mtoto aliye Dar es Salaam anaweza kulipia jeneza na turubai kabla hajakata tiketi ya basi. Hilo ni jambo jema, na familia nyingi zimesitiriwa nalo. Lakini bibi asiyeweza kusoma ujumbe humpa mjukuu au wakala simu yake pamoja na namba ya siri. Ni yuleyule msomaji wa barua, ila safari hii ameshika pia kibubu.

Ndani ya mchango wa ukoo wakaingia na wengine. Serikali ilitaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na ukomo uliosogezwa ukawa 20 Januari 2020. Kwa wazee ambao jembe limewafuta alama za vidole, kusomwa na mashine hakukuwa kazi rahisi. Tarehe 15 Julai 2021 ikaanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Rambirambi nayo ilikatwa.

Leo msiba wa Katumba au Kiwira huundiwa kundi la WhatsApp ndani ya saa chache. Mweka hazina hubandika orodha: jina, kiasi, ahadi, na kuirudia kila mchango unapoingia. Zamani waliofika msibani ndio walioona nani ameleta nini. Sasa orodha inasomwa Mbeya, Lilongwe na London kwa wakati mmoja, na asiye na kitu jina lake linakosekana mbele ya ukoo mzima. Nadhani aibu hiyo ni nzito kuliko ile ya zamani, kwa kuwa mtu hapewi nafasi ya kuja na mikono mitupu akapasua kuni.

Kundi hilo nalo lina mtu wake wa katikati, nyaya za intaneti. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano una tawi linalofika Kasumulu, mpakani na Malawi, ambako barabara ya kutoka Uyole huishia baada ya kuipita Tukuyu. Lakini mkongo huo peke yake hautoshi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Seva za WhatsApp haziko Rungwe: ujumbe wa kaka kwa dada, nyumba zao zikitazamana, hutoka kwanza nje ya nchi ndipo urudi. Simu ya kawaida haihitaji safari hiyo, na mwenye kitochi siku ile aliweza kupiga.