Birika la Pande Nane

Moka ni birika dogo la alumini lenye pande nane na mpini mweusi, linalopika kahawa nzito juu ya jiko la kawaida. Lilianza kutengenezwa mwaka 1933 huko Crusinallo, pembeni mwa mji wa Omegna kaskazini mwa Italia, katika karakana ya Alfonso Bialetti. Nyumba nyingi za Kiitaliano zina zaidi ya moja: ya kikombe kimoja kwa anayeishi peke yake au anayeamka mapema, ya vikombe vitatu kwa siku za kawaida, ya sita kwa wageni. Jina lake limetokana na Mokha, bandari ya Yemen kwenye Bahari ya Shamu iliyokuwa ikisafirisha buni duniani kabla ya mashamba ya Java na Amerika kuipokonya soko. Waswahili nao walipata maneno yao mawili, kahawa na buni, kutoka lugha iliyosemwa bandarini humo.

Kabla ya moka, espresso ilikuwa kinywaji cha mkahawani, wala si cha jikoni. Angelo Moriondo wa Torino alipata hataza ya mtambo wa kahawa unaotumia mvuke mwaka 1884. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaja na mtambo uliomtolea kila mteja kikombe chake papo hapo, na Desiderio Pavoni akanunua haki zake na kuanza kuuza. Mitambo hiyo ilikuwa mirefu, imenakshiwa kwa shaba, na ilihitaji mhudumu aliyejua lini afungue mvuke na lini aufunge, asije akaungua mikono. Nyumbani watu walitumia napoletana, buli la kupindua ambalo asili yake ni kazi ya Morize, fundi bati wa Paris, mwaka 1819. Maji huchemkia chini, unga wa kahawa hukaa katikati, kisha buli hugeuzwa juu chini na maji yakateremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Kahawa yake ni tamu, ila inataka subira, na mkono usiotetemeka wakati wa kugeuza.

Bialetti alizaliwa mwaka 1888. Akiwa kijana alikwenda Ufaransa, akafanya kazi takriban miaka kumi katika viwanda vya alumini na kujifunza kusubu madini hayo katika kalibu za chuma. Aliporudi, akafungua karakana mwaka 1919 karibu na Ziwa Orta. Hakuwa mgeni kati ya watu wasiojua chuma: Omegna ilikuwa na Lagostina, watengenezaji wa vyombo vya mezani na sufuria tangu 1901, na mwaka 1921 Giovanni Alessi naye akaanzisha karakana yake hapo hapo. Birika la kahawa lilizaliwa katika mji uliokwishazoea kutazama jiko kama soko.

Wazo lenyewe lina kisa chake. Wanawake wa eneo hilo walifulia nguo katika pipa lenye bomba katikati. Maji ya magadi yalipochemka chini, yalipanda ndani ya bomba na kumwagika juu ya nguo, kisha yakashuka tena. Inasemekana Bialetti aliliangalia pipa hilo akaona birika. Kisa hiki kimesuguliwa na wasimulizi hadi kinang'aa kuliko alumini, na wapo wanaomtaja Luigi De Ponti kuwa ndiye aliyelibuni birika kwa ajili ya Bialetti. Kanuni ya kazi, hata hivyo, ni ile ile: maji yanasukumwa juu, hayamiminwi.

Birika lina sehemu tatu. Ya chini hutiwa maji, yasipite vali ndogo ya usalama iliyo ubavuni. Juu yake huwekwa chujio lenye umbo la faneli, ambalo mkia wake hushuka hadi karibu na sakafu ya birika, nalo hujazwa unga wa kahawa usioshindiliwa. Sehemu ya juu hufungwa kwa kuzungushwa, na pete ya mpira huziba maungio. Moto unapowaka, hewa iliyonaswa juu ya maji hutanuka, mvuke huongezeka, na maji hukosa njia isipokuwa mkia wa faneli. Yanapanda, yanapita kwenye unga, na kutokea juu kupitia bomba la katikati. Maji yanapokaribia kwisha, mvuke hupenya na birika hukoroma. Hapo moto huzimwa, kwa sababu kinachofuata ni uchungu wa kuungua.

Wajuzi wa kahawa wa leo husema moka haitoi espresso halisi, na kwa vipimo vya leo wana haki. Shinikizo ndani ya moka halifiki mbali: ni kati ya mara moja na mbili ya shinikizo la kawaida la hewa, ilhali mtambo wa mkahawani hutumia takriban mara 9, na ndilo linaloleta utandu wa povu la hudhurungi juu ya kikombe. Hoja hiyo lakini husahau kalenda. Mitambo ya Bezzera na Pavoni nayo ilitegemea mvuke, ikiwa na shinikizo dogo lisilopishana sana na la moka, na kahawa yake haikuwa na utandu huo. Ni Achille Gaggia wa Milano aliyebadili mambo kwa mtambo wa mkono wa kuvuta, ulioingia mikahawani mwishoni mwa miaka ya 1940. Bialetti alipoahidi espresso ya nyumbani sawa na ya mkahawani, hakuwa akidanganya. Mkahawa ndio uliohama. Birika lilibaki pale pale.

Siasa za wakati huo zililipa birika bahati ya nusu. Mussolini aliivamia Ethiopia Oktoba 1935, na mwezi uliofuata Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo vya kiuchumi. Serikali ikahimiza taifa lijitosheleze kwa mali zake, na alumini ikatukuzwa kuwa madini ya taifa, kwa kuwa Italia ilikuwa na boksiti yake lakini chuma na shaba ilivinunua nje. Chombo cha Bialetti kikawa cha kizalendo bila kuomba. Tatizo lilikuwa kilichomo. Kahawa ilitoka ng'ambo, ikawa adimu na ghali, na familia nyingi zikanywa shayiri ya kukaanga au chikori. Nchi ilikuwa imeishambulia asili yenyewe ya mbuni, na jikoni mwake ikapika shayiri. Bialetti aliendelea kuuza birika zake katika masoko na magulio ya Piedmont. Kati ya 1934 na 1940 ziliuzwa takriban 70,000, kisha vita vikasimamisha kazi.

Aliyelipeleka birika Italia nzima ni mwanawe, Renato. Alirudi kutoka kambi ya mateka wa vita Ujerumani na kushika kiwanda mwaka 1946. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa wa kijasiri: aliacha bidhaa nyingine zote na kutengeneza moka peke yake, kwa ukubwa mbalimbali. Uamuzi wa pili ulikuwa kutumia fedha nyingi kwenye matangazo, jambo ambalo baba yake hakulijali. Katika maonyesho ya biashara ya Milano alisimamisha moka kubwa mno ambazo mtu hangeweza kuzipita bila kuzitazama. Mwaka 1953 mchoraji Paul Campani alimchora kibwana mwenye masharubu, kidole kimoja juu, kama mteja anayeagiza kahawa kaunta. Baadhi husema ni Alfonso, wengine Renato. Carosello, kipindi cha jioni cha matangazo yenye vichekesho, kilipoanza kwenye televisheni ya Italia mwaka 1957, kibwana huyo akaingia sebuleni mwa watu. Uchumi ulikuwa ukikua, kahawa imerejea madukani, na majiko ya gesi yalikuwa yakienea. Fundi alikuwa baba, lakini bila ulimi wa mwana birika lingebaki kitu cha gulio.

Mazoea yakajengeka. Moka mpya hupikiwa mara kadhaa kahawa ya kumwaga kabla ya kunywewa, na haioshwi kwa sabuni, husuuzwa kwa maji tu. Kuhusu unga, wengine huurundika kama kilima kidogo, wengine huusawazisha kwa kijiko, na ubishi huo haujawahi kwisha mezani.

Wabunifu nao walijaribu mkono wao. Alberto Alessi, mjukuu wa Alfonso Bialetti upande wa mama, alileta birika la chuma cha pua lililobuniwa na Richard Sapper mwaka 1979, kisha yakafuata ya msanifu majengo Aldo Rossi. Lile la 1933 limehifadhiwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York.

Tishio kubwa lilikuja na vidonge vya kahawa vya Nespresso, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1986, na baadaye na majiko ya sumaku yasiyopasha alumini. Kiwanda cha Omegna kilifungwa mwaka 2010. Renato alifariki Februari 2016 akiwa na umri wa miaka 93, na majivu yake yakazikwa Casale Corte Cerro ndani ya moka kubwa. Kwa ajili ya majiko mapya kampuni hutengeneza moka yenye sehemu ya chini ya chuma cha pua; ya juu imebaki ya alumini, na pande zake ni nane.