Shampuu Kavu na Gharama Zake: Kutoka Poda ya Wigi Hadi Kopo la Kupuliza

Shampuu kavu ni unga laini unaonyunyizwa kwenye mashina ya nywele ili unyonye mafuta ya ngozi ya kichwa, kisha hupigwa brashi ukatoka pamoja na mafuta hayo. Hauoshi. Mba na jasho lililokauka hubaki palepale, na baada ya siku chache maji hayaepukiki. Kiungo chake kikuu tangu zamani ni wanga, uwe wa ngano, mchele, mahindi au oti, yaani wanga uleule unaokakamaza kola za mashati. Wanga ni bidhaa ya bei ya chini, kwa hiyo tangu mwanzo mnunuzi amelipia zaidi vitu vilivyoambatana nao: manukato, kodi, na baadaye kopo na gesi yake.

Desturi ya kutia nywele unga ilishamiri Ulaya katika karne ya 17, wigi zilipokuwa vazi la wakubwa. Louis XIII wa Ufaransa, aliyeanza kuota upara angali kijana, alivaa wigi. Mwanawe Louis XIV akaifanya kuwa sehemu ya mavazi ya ikulu. Charles II aliporudi kushika ufalme wa Uingereza mwaka 1660, mtindo huo ulivuka bahari ukaenea huko pia. Katika karne ya 18 wengi walitia poda hata nywele zao wenyewe. Kwanza nywele zilipakwa pomadi, mafuta mazito ya nguruwe au kondoo yaliyotiwa marashi, halafu poda ikapulizwa juu yake kwa mvukuto mdogo. Aliyepakwa alivaa joho la kuzuia unga na kuficha uso ndani ya koni ya karatasi asije akapaliwa. Nyumba kubwa zilitenga chumba kidogo kwa kazi hiyo tu. Poda ya zamani ilipochanwa ili itiwe mpya, ilitoka na sehemu ya mafuta na uchafu, ingawa wahusika walikuwa wakitafuta weupe na hadhi kuliko usafi.

Poda zilikuwa na madaraja. Ya juu ilikuwa wanga uliosagwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini kabisa, ukatiwa harufu ya maua ya michungwa, mrujuani au mzizi wa airisi. Ya chini ilikuwa unga wa kawaida, ambao hushikana na pomadi ukafanya madonge. Hapo tayari palikuwa na swali ambalo wanunuzi wa leo wanaliuliza mbele ya rafu za duka: je, tofauti ya bei imo katika ulaini wa unga au katika harufu? Kwa sehemu ilikuwa ulaini kweli. Chembe kubwa huonekana kichwani na kudondokea mabegani. Chembe ndogo hujificha na hunyonya mafuta vizuri zaidi.

Kilichoipandisha bei poda hiyo kuliko manukato yote ni serikali. Mwaka 1795 waziri mkuu wa Uingereza, William Pitt, akisaka fedha za vita dhidi ya Ufaransa, alipitisha sheria iliyomtaka kila mtumiaji wa poda ya nywele kukata cheti kwa gini moja, yaani shilingi 21 za Kiingereza, kila mwaka. Waliosamehewa ni pamoja na familia ya kifalme na watumishi wake, makasisi wenye kipato cha chini ya pauni 100 kwa mwaka, na askari wa vyeo vya chini. Baba mwenye mabinti wengi wasioolewa alilipia wawili tu. Waliokubali kulipa walibandikwa jina la mnyama aitwaye kwa Kiingereza guinea pig, kwa kuwa jina hilo hubeba neno gini (guinea). Mwaka huohuo ngano ilikuwa adimu na watu walifanya fujo kwa ajili ya mkate, hivyo kumwaga wanga kichwani kulianza kuonekana kama dharau kwa wenye njaa. Duke wa Bedford na rafiki zake walikata nywele zao fupi na kuachana na poda kabisa. Mwaka 1812 waliolipa kodi hiyo walikuwa bado zaidi ya 46,000. Mwaka 1855 walibaki 997, karibu wote watumishi wa majumba ambao matajiri wao waliwataka waonekane kizamani. Kodi ilifutwa mwaka 1869.

Poda ilipokufa kama pambo, haja ya kusafisha nywele bila maji ilibaki. Wanawake wa Ulaya wa karne ya 19 walifuga nywele ndefu sana, na kabla ya mashine za umeme za kukaushia, kichwa kilichooshwa asubuhi ya baridi kingeweza kubaki kibichi hadi jioni. Wengine walitumia unga wa mzizi wa airisi na brashi. Saluni za London zikaja na njia ya haraka zaidi, na ya hatari: kusuuza nywele kwa kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kukauka upesi, kama petroli. Mwaka 1897 mteja mmoja aliungua vibaya akafa pale petroli iliyokuwa kichwani mwake iliposhika moto. Karboni tetrakloridi ilichukua nafasi yake kwa kuwa haishiki moto, lakini mvuke wake ni sumu, na mwaka 1909 mwanamke mmoja alikufa akihudumiwa katika saluni ya duka la Harrods. Kimiminika hicho nacho kiliitwa shampuu kavu.

Unga ulirudi Marekani katika miaka ya 1940 kwa jina la Minipoo, iliyotoka Jersey City. Ilitangazwa kwa wagonjwa wasioweza kunyanyuka kitandani, wenye mafua, na wasichana walioalikwa matembezi kwa ghafla. Ndani ya pakiti mlikuwa na glavu ya kupangusia nywele baada ya unga kufanya kazi yake.

Kopo la kupuliza ndilo lililobadilisha biashara. Mnorwe Erik Rotheim alibuni chombo cha namna hiyo katika miaka ya 1920, na baada ya Vita Kuu ya Pili vali za bei nafuu zikakifanya kifae nyumbani. Kufikia miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na Psssssst, Uingereza ilikuwa na Batiste, na Ufaransa ilikuwa na Klorane yenye maziwa ya oti, iliyouzwa katika maduka ya dawa kwa bei inayolingana na heshima ya mahali hapo. Marekani ilipopiga marufuku gesi za klorofluorokaboni katika makopo mengi mwaka 1978, kwa sababu ya tabaka la ozoni, watengenezaji walihamia butani na propani, ambazo huwaka kwa urahisi.

Wimbi la pili lilianza miaka ya 2000, safari hii likichochewa na watu walionyooshwa nywele saluni na kutaka mtindo udumu siku kadhaa. Batiste, iliyonunuliwa na kampuni ya Marekani ya Church & Dwight mwaka 2011, ikawa kipimo cha bei nafuu ambacho nyingine zote zililinganishwa nacho. Wanga wake ni wa mchele, ambao chembe zake ni ndogo kuliko za mahindi na viazi. Lawama yake kubwa ilikuwa ukungu mweupe kwenye nywele nyeusi, na ndiyo maana kukatolewa aina zenye rangi ya kahawia na nyeusi. Bidhaa hizi hazikutengenezwa kwa kuwafikiria wenye nywele za Kiafrika zilizojisokota, ambazo mafuta ya kichwa huzishukia polepole na mara nyingi huongezwa kwa mkono.

Orodha ya viungo, inayoanza na kilicho kingi zaidi, husema mengi kuliko tangazo. Kwenye makopo mengi butani na propani hutangulia wanga, na ndivyo ilivyo kwa ya bei ya chini na ya bei ya juu. Mwaka 2022 maabara ya Valisure ya Connecticut ilipima mafungu 148 kutoka chapa 34, na asilimia 70 ya sampuli zikakutwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Unilever ilikuwa imekwisharudisha kutoka madukani makopo kadhaa ya Dove, Suave na TRESemmé, baada ya Procter & Gamble kufanya hivyo na chapa zake Desemba 2021. Chanzo kilichotajwa kilikuwa gesi za kusukumia, wala si unga. Kichupa cha unga mtupu kisicho na gesi huuzwa kwa bei inayokaribia ya kopo na mara nyingi hudumu zaidi, ingawa huhitaji mkono mwepesi na brashi nzuri.