Juu ya Kivuli katika Nakshi za Msuko

Wasomaji wetu wafundishao watoto kuchora wameliona jambo hili: mtoto amechora kanda zilizotatana, kila mstari u mahali pake, lakini nakshi yafanana na nyuzi zilizomwagika chini. Akitia kivuli kidogo palipopitana kanda, mara jicho laona ipi iliyo juu na ipi iliyo chini, wala hakuna mstari ulioongezwa. Tulitazame jambo hili kwa kufuata historia yake.

Wa kale walijua kusuka mistari pasipo kivuli. Injili za Lindisfarne, zilizoandikwa kaskazini ya Uingereza, zahesabiwa kuwa kazi ya Eadfrith, aliyekuwa askofu wa kisiwa kile toka mwaka 698 hata 721. Kurasa zake zimejaa ndege na kanda zilizosukwa. Ukanda upitao chini umekatwa mstari wake, ule wa juu umeachwa mzima, nazo rangi zaupambanua mmoja na mwingine. Jicho laweza kuifuata njia ya kila ukanda, lakini zote zimelala juu ya ngozi kama nguo iliyopigwa pasi.

Njia ya pili ni weusi wa nyuma. Mnamo mwaka 1506 au 1507 Mjerumani Albrecht Dürer alichonga katika mbao mafundo sita, akiyafuata yale yaliyotoka kwa Leonardo da Vinci. Kamba ni nyeupe, nyuma yake ni weusi mtupu, na fundo zima lasogea mbele. Lakini weusi si kivuli. Watenga fundo na karatasi. Hautengi kamba na kamba.

Kivuli chataka kitu kiwezacho kutoka weusi hata weupe polepole. Kitu hicho kilipatikana Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, ndiyo madini ya penseli. Na mwaka 1795 Mfaransa Conté aliyachanganya na udongo, hata penseli ikaweza kufanywa ngumu au laini. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21 Rick Roberts na Maria Thomas wa Marekani walianza kufundisha uchoraji uitwao Zentangle, katika karatasi ya mraba yapata sentimita 9. Wino hutangulia, na kivuli cha penseli huja mwisho.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kivuli hutiwa juu ya ukanda wa chini, pande zote mbili za ule unaoupita, kisha hufifishwa kwa kidole. Kikitiwa katika kingo za ukanda na katikati pakaachwa peupe, ukanda huviringana kama kamba. Kikitiwa kila mahali sawasawa, hakisemi neno. Hapo ndipo tulipokosa sisi wenyewe. Kwa miaka mingi tulikifundisha kivuli kama pambo la kumalizia, tukawaambia watoto wajaze. Kazi zao zikawa na rangi ya majivu, nao wakadhani hawana kipaji. Kosa halikuwa lao.

Twalikuwa na mwalimu karibu, tusimwone. Fundi wa milango ya Unguja na Lamu hana penseli. Huchimba kwa patasi, na jua ndilo litialo kivuli. Jua likipiga mlango kwa mbele, mnyororo wa fremu hulala. Likija kwa upande, pete zake husimama moja moja. Hata mkeka una kanuni ile ile, maana ukindu mmoja wapita juu na mwenziwe chini.

Basi, kabla ya kumpa mtoto penseli, na alazwe mkeka karibu na dirisha, aulizwe, "Giza liko wapi?" Akisha kuonyesha kwa kidole chake, hatahitaji maneno mengi.