Kimya Mstarini: Wimbo wa Taifa na Dhamiri ya Mwanafunzi

Asubuhi katika shule za Gulwe, kama kwingineko nchini, kengele ikishagongwa watoto hukimbilia mstarini. Mara nyingi kengele yenyewe ni rimu chakavu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mwalimu wa zamu hupita akikagua kucha na kola za mashati, kisha kiranja huanzisha wimbo wa Taifa, aghalabu kwa sauti ya juu mno, hata wadogo wakifika ubeti wa pili pumzi imewaishia.

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati inayoihudumia Mpwapwa, mji wenye chuo cha ualimu ambacho ni miongoni mwa vikongwe nchini. Walimu na mila zao za paredi walisambaa kwa njia kama hizi, wakipangiwa shule huku na kule. Enzi za Mwingereza watoto waliimba kumwombea mfalme. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 bendera ilibadilika, wimbo nao ukabadilika. Mstari ukabaki palepale.

Tuni iliyochukuliwa ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeitunga mwaka 1897 ikiwa wimbo wa kanisa. Kwa hiyo kinachoimbwa kila asubuhi ni dua, na hapo ndipo penye utata: dua ya kuamriwa.

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, shule ikawa mahali pa kumlea mjamaa. Mchakamchaka wa alfajiri, halaiki, chipukizi na kujipanga barabarani kuupokea Mwenge wa Uhuru vikawa sehemu ya masomo kama hesabu. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Mzazi ambaye dini yake ilimkataza mtoto kushiriki ibada za dola alibaki na pa kumpeleka padogo sana, wala wengi hawakuthubutu kuuliza. Mashahidi wa Yehova, ambao huheshimu serikali lakini hawaimbi nyimbo za taifa lolote, walikuwa wamepigwa marufuku nchini tangu 1965, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1987.

Katiba nayo ilichelewa. Haki za msingi, ukiwamo uhuru wa imani katika ibara ya 19, ziliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia kuanzia Machi 1988. Tangu hapo mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kunyamaza akawa na mlango wa kubisha hodi.

Waliobisha walitoka nyanda za juu kusini-magharibi: wanafunzi 127, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa, baadhi wakifukuzwa na wengine kusimamishwa masomo, kwa kukataa kuimba. Mahakama Kuu iliwakatalia. Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Hawakuwa wamefanya fujo wala kuitusi bendera. Walisimama kimya wenzao wakiimba, na kunyamaza si dharau.

Uamuzi huo haukuota peke yake. Nchini India, mwaka 1986, Mahakama ya Juu iliwarudisha shuleni watoto watatu wa Kerala waliosimama kwa heshima bila kuimba. Marekani ilikuwa imeamua mwaka 1943, katikati ya vita, kwamba mtoto halazimishwi kuisalimu bendera. Jirani zetu wa Zambia walikwenda njia nyingine: mwaka 1967 Mahakama Kuu ilikubali msichana wa shule asimamishwe masomo kwa kosa kama hilo. Taifa lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na hofu ya kugawanyika kwa makabila ilikuwa ya kweli, ingawa ni vigumu kuona binti mmoja aliyefunga mdomo angeivunja vipi Zambia.

Hukumu ya 2013 haikuifuta paredi. Watoto bado wanaimba, na wengi wanaimba kwa raha. Wala haikugusa mengine: Mwenge bado unapita Mpwapwa, na bado wanafunzi hutolewa madarasani kwenda kuusubiri juani. Hoja iliyomlinda anayenyamaza mstarini ingeweza kumlinda pia asiyetaka kusimama kando ya barabara, ila kesi ya kuijaribu itahitaji mzazi aliye tayari kumkabili mkuu wa shule.